Jino Kama Shahidi

Somo la redio kwa watu wazima

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, natumaini mwenyekiti wenu amekwisha kuwaketisha, na kila mmoja ana karatasi na kalamu, maana leo nitawaomba mchore kitu. Nawe usomaye maneno haya kitabuni baada ya somo kutangazwa, tafuta karatasi pia.

Somo la leo lahusu meno. Sitasema juu ya mswaki wala juu ya sukari; hayo mmeyasikia mara nyingi. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jino kama shahidi: jinsi meno yawezavyo kumrudishia maiti jina lake, jinsi yawezavyo kumfikisha mwuaji mbele ya jaji, na tena jinsi yalivyowahi kusingiziwa maneno ambayo hayakuyasema, hata mtu asiye na hatia akahukumiwa kufa. Mimi si daktari wa meno. Mimi ni afisa wa elimu. Lakini mambo haya yanaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi, na kila mtu mzima yafaa ayajue.

Labda mtaniuliza: "Sisi ni wakulima, wavuvi na wachuuzi. Kazi ya polisi na ya madaktari yatuhusu nini?" Swali hili ni zuri, na jibu lake ni hili. Mtu apoteapo baharini, au motoni, au safarini, watu wake hupata misiba miwili. Msiba wa kwanza ni kumkosa. Msiba wa pili ni kutojua. Mkewe hajui kama akae eda au aendelee kumngoja. Urithi hauwezi kugawanywa, maana hakuna amrithiye mtu asiyejulikana kama amekufa. Wazee hawana kaburi la kulionyesha kwa wajukuu. Na huenda wakati huo huo, katika chumba cha maiti cha hospitali ya mbali, amelala mtu asiye na jina, ambaye siku zake zikitimia atazikwa na watu wasiomjua. Jina liko kijijini, mwili uko mjini, na hakuna wa kuvikutanisha. Meno huweza kuvikutanisha.

KWA NINI MENO?

Mtu akifa, nyama huoza upesi, hasa katika nchi zetu za joto. Uso huvimba na kubadilika hata mama mzazi aweza kukosea. Nguo huweza kuwa za kuazima, na hati iliyomo mfukoni huweza kuwa ya mtu mwingine. Lakini jino limefunikwa kwa gamba jeupe liitwalo enameli, nalo ni kitu kigumu kupita vyote katika mwili wa binadamu. Karibu sehemu 96 katika kila 100 za enameli ni madini. Kwa hiyo meno hukaa ardhini miaka mingi, hustahimili maji, na mara nyingi hata nyumba ikiungua meno husalia, hasa magego, kwa kuwa yamekingwa na mashavu na ulimi.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba vinywa vyetu havifanani. Mtoto ana meno 20 ya utoto. Mtu mzima, yakiota yote, ana meno 32. Madaktari huhesabu nyuso tano katika kila jino: uso wa kutafunia, uso wa upande wa shavu au mdomo, uso wa upande wa ulimi, na nyuso mbili zitazamanazo na meno jirani. Zidisha 32 kwa 5, utapata nyuso 160. Kila uso huweza kuwa mzima, au umetoboka, au umezibwa. Tena jino zima huweza kuwa limeng'olewa, limevunjika, limepinda, au limevikwa kofia ya dhahabu. Sasa fikiri: ni watu wangapi watafanana katika mambo yote hayo?

Sasa chukueni karatasi zenu. Chora msalaba mkubwa. Umegawa kinywa katika vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni juu kulia, yaani kulia kwa mwenye kinywa, si kulia kwako wewe umtazamaye. Chumba cha pili ni juu kushoto. Cha tatu ni chini kushoto. Cha nne ni chini kulia. Katika kila chumba hesabu meno kutoka katikati kwenda nyuma, moja hata nane. La kwanza na la pili ni meno ya mbele, la tatu ni chonge, na la nane ni lile gego la mwisho kabisa. Basi daktari aandikapo jino 36, ana maana gani? Tatu ni chumba, sita ni jino: gego la sita la chini kushoto. Hesabu hii hutumika katika nchi nyingi sana, hivyo daktari wa Mombasa akiandika "36 limezibwa", daktari wa mbali asiyejua Kiswahili hata neno moja atafahamu namba ile.

Mwombe jirani yako afungue kinywa, ukamwandikie ramani yake. Andika meno yaliyopo, yaliyotoka, na yaliyozibwa. Vikundi vinaweza kufanya zoezi hili baada ya somo.

JINO HALIRUDI

Mtaalamu apelekewapo maiti isiyojulikana huandika ramani kama hiyo na kupiga picha za eksirei. Kisha hutafuta ramani ya pili, yaani ile iliyoandikwa na daktari wa meno mtu alipokuwa hai. Huziweka pamoja na kuzilinganisha jino kwa jino.

Hapa pana kanuni moja ambayo nataka mwishike. Jino la mtu mzima likisha kung'olewa, halirudi. Tuseme kadi ya hospitali yasema kwamba ndugu yenu aling'olewa jino 36 mwaka 2015. Maiti iliyopatikana ina jino 36 zima kabisa. Ikiwa kadi iliandikwa sawa, maiti ile si ndugu yenu, hata kama amevaa shati lake. Lakini tugeuze mambo. Kadi ya 2015 yasema jino 36 lilikuwapo, na katika maiti halipo. Je, si yeye? Hatuwezi kusema hivyo, maana aweza kuwa aling'olewa baadaye mahali pengine. Tofauti ya kwanza haielezeki. Tofauti ya pili yaelezeka. Mtaalamu mwema huuliza juu ya kila tofauti: "Je, wakati ungeweza kulileta jambo hili?" Wakati huondoa meno, hutoboa meno, na huleta vizibo. Hauwezi kurudisha jino wala kufuta kizibo jino likawa zima kama zamani.

KESI YA BOSTON

Sasa nitawasimulia kesi moja ya kweli, iliyotokea katika mji wa Boston, Marekani.

Katika mji huo alikuwapo tajiri aitwaye George Parkman. Alikuwa na nyumba nyingi za kupangisha na alikopesha watu fedha, naye alizoea kutembea kwa miguu kwenda kuwadai wadeni wake mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwapo John Webster, profesa wa kemia katika chuo cha udaktari cha Harvard. Webster alipenda maisha makubwa kuliko mshahara wake. Mwaka 1842 alimkopa Parkman dola 400, na kufikia 1847 alikuwa amemwandikia hati ya dola zaidi ya 2,400. Rehani yake ilikuwa mawe ya thamani ya elimu, aliyoyakusanya kwa miaka mingi. Kumbe baadaye akaenda akayaweka mawe yale yale rehani kwa shemeji yake Parkman. Parkman alipopata habari alighadhibika sana.

Siku ya Ijumaa, 23 Novemba 1849, Parkman alikwenda kumwona Webster chuoni. Tangu siku hiyo hakuonekana tena. Watu wake walitangaza zawadi ya dola 3,000, na mito na bandari vikatafutwa. Webster mwenyewe alisema kwamba alimlipa fedha na Parkman akaenda zake.

Bawabu wa chuo, jina lake Ephraim Littlefield, hakuridhika. Aliona mlango wa profesa umefungwa siku ambazo kwa kawaida haufungwi, na ukuta ulio nyuma ya tanuru lake una moto mkali. Basi akashika nyundo na patasi, akateremka chini ya jengo, akaanza kubomoa ukuta wa shimo la choo cha Webster. Tarehe 30 Novemba alipenya, akaingiza taa, akaona vipande vya mwili wa mtu. Polisi walikuja wakapekua, na ndani ya tanuru, katika majivu, wakapata mifupa na vipande vya meno bandia.

Sasa tazameni shida ya mahakama. Mwili haukuwa na kichwa. Mahali penyewe palikuwa chuo cha udaktari, ambapo maiti hupasuliwa kila siku kwa ajili ya kufundishia. Mawakili wa Webster waliweza kusema: "Nani ajuaye kwamba hizi si maiti za chuo?" Na kama haijulikani ni Parkman, mtu atanyongwaje kwa kumwua Parkman?

Ndipo alipoitwa daktari wa meno, Nathan Keep. Kesi ilianza Machi 1850. Keep alieleza kwamba meno yale aliyatengeneza yeye, mwaka 1846. Aliyakumbuka kwa sababu yalifanywa kwa haraka: chuo kile kile kilikuwa karibu kufunguliwa, kikiwa kimejengwa katika kiwanja alichokitoa Parkman mwenyewe, naye alitaka ayapate kabla ya sherehe. Taya la Parkman la chini lilikuwa limejitokeza mbele, umbo lisilo la kawaida. Na baada ya kuyavaa meno Parkman alilalamika kwamba ulimi haupati nafasi, hivyo Keep akayasaga kidogo kwa ndani. Alama ya kusaga ilikuwapo katika vipande vilivyotoka tanuruni. Kisha akatoa vielelezo vya plasta vya mataya ya Parkman, alivyokuwa amevihifadhi muda wote ule, akaweka vile vipande juu yake mbele ya watu. Vikakaa mahali pake.

Upande wa utetezi nao walimleta daktari wa meno, William Morton, yule aliyepata sifa kwa kuonyesha matumizi ya dawa ya etha ya kuwalaza wagonjwa. Yeye alisema kwamba haoni katika meno yale alama za pekee za kutosha. Nataka mwangalie jambo hili vizuri: tangu kesi zile za mwanzo, wataalamu wawili walitazama meno yale yale wakasema maneno mawili. Mtaalamu ni shahidi kama shahidi mwingine, lazima aulizwe, "Umejuaje?" Keep aliweza kuonyesha plasta yake. Alama ile ilitoka mkononi mwake mwenyewe.

Baraza la watu 12 walimwona Webster ana hatia. Kabla ya kunyongwa, tarehe 30 Agosti 1850, alikiri kwamba alimwua Parkman, akidai ilikuwa kwa hasira ya ghafula. Basi katika kesi ile meno yalisema kweli. Na yalisema kweli kwa sababu kuna mtu aliyeweka kumbukumbu. Kama Keep angalivitupa vile vielelezo vya plasta baada ya kulipwa, angalibaki na maneno matupu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu kadhalika.

MOTO NA MAWIMBI

Tarehe 4 Mei 1897, mjini Paris, Ufaransa, moto uliwaka katika soko la hisani lililojengwa kwa mbao na vitambaa. Ulianzia kwenye taa ya mashine ya sinema. Watu zaidi ya 120 walikufa, wengi wao wakiwa wanawake wa jamaa kubwa. Maiti nyingi zilitambuliwa kwa vidani na mabaki ya nguo, lakini wengine walikuwa wameungua mno. Balozi mdogo wa Paraguay akashauri waitwe madaktari wa meno waliokuwa wakiwatibu. Walikuja na daftari zao, wakaanza kulinganisha. Miongoni mwa waliotambuliwa hivyo alikuwa mke wa Duke wa Alençon, mdogo wake Elisabeth, malkia wa Austria. Mwaka uliofuata, Oscar Amoedo, daktari wa meno mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi Paris, alichapisha kitabu kizima juu ya elimu hii.

Tuje karibu na wakati wetu. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko chini ya Bahari ya Hindi lilileta mawimbi ya tsunami. Nasi wa pwani hii twakumbuka, maana hata Somalia, Kenya na Tanzania walikufa watu. Huko Thailand walikufa watu zaidi ya 5,000, wengi wao wakiwa watalii wa kigeni. Wataalamu wa nchi nyingi walikusanyika, na katika miezi ya mwanzo wengi wa waliotambuliwa walitambuliwa kwa meno. Lakini, msikilizaji, sikiliza kwa makini. Meno yaliwasaidia zaidi watalii kuliko wenyeji. Sababu yake si kwamba meno ya wenyeji yalikuwa dhaifu. Watalii wengi walikuwa na faili kwa madaktari wa meno kwao. Wenyeji wengi hawakuwa nazo. Meno yalikuwapo, ramani ya kuyalinganisha haikuwapo. Tukitazama vijiji vyetu, je, sisi tungekuwa upande gani?

Siku hizi Interpol, shirika la polisi wa nchi nyingi, huhesabu njia tatu kuu za kutambua maiti: alama za vidole, meno, na vinasaba, yaani DNA. Fomu ya mtu aliyepotea ni ya manjano. Fomu ya maiti ni ya rangi ya waridi. Kazi ni kuzikutanisha. Sura ya mtu na nguo zake husaidia, lakini hazitoshi peke yake.

MENO NA UMRI

Meno huweza pia kueleza umri, hasa wa watoto. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na umri wa miaka 6. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto walio chini ya miaka 9 wasifanye kazi katika viwanda vya nguo. Lakini watoto wengi hawakuwa na hati za kuzaliwa, na umri wao ulikuwa ukikisiwa kwa kimo. Mtoto mrefu wa miaka 7 aliweza kupelekwa kwenye mashine. Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders alipeleka bungeni matokeo ya kuchunguza watoto zaidi ya 1,000, akionyesha kwamba meno hueleza umri vizuri kuliko kimo.

Lakini kuna mpaka. Gego la nane huota kwa wengi kati ya miaka 17 na 25, na wengine haliwaoti kabisa. Kwa hiyo mtu akidai kwamba ametazama meno ya kijana na kujua kwa hakika kama ana miaka 17 au 18, msimwamini upesi.

ALAMA YA KUUMWA

Nimekuja sasa kwenye sehemu ya hatari. Mpaka hapa tumesema juu ya meno yenyewe. Lakini mara nyingine mwuaji au mbakaji humwuma mtu, na alama ya meno hubaki katika ngozi. Watu walifikiri: kama meno hutambulisha maiti, basi alama ya meno itamtambulisha mwumaji. Mwaka 1979, huko Florida, Marekani, alama kama hizo zilitumiwa katika kesi ya Ted Bundy, aliyewaua wanawake wengi. Kesi hiyo ilionyeshwa katika televisheni, na ushahidi wa aina hii ukapata sifa kubwa.

Kisha ikaja kesi ya Ray Krone. Mwishoni mwa mwaka 1991, mjini Phoenix, Arizona, mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika baa alikutwa ameuawa, na mwilini mwake pana alama za kuumwa. Krone alikuwa mteja wa baa hiyo, mtu aliyepata kutumika katika jeshi la anga na aliyekuwa akipeleka barua za posta. Meno yake ya mbele yalipinda. Polisi walimwambia aume kipande cha povu gumu, na mtaalamu akaja mahakamani kusema kwamba alama ni zake. Mwaka 1992 alihukumiwa kufa. Kesi ilisikilizwa upya mwaka 1996. Akaonekana tena ana hatia, safari hii akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2002 vinasaba vilivyopatikana katika nguo za marehemu vilipimwa. Havikuwa vya Krone. Vilikuwa vya mtu mwingine, aliyekuwa akikaa karibu na baa ile, na ambaye tayari alikuwa gerezani kwa kosa jingine. Krone alifunguliwa baada ya miaka zaidi ya kumi.

Kosa lilikuwa wapi? Tufikiri pamoja. Daktari Keep alilinganisha kitu kigumu na kitu kigumu: meno na plasta. Lakini ngozi ni laini. Ukiivuta, hunyumbuka. Ukiiumiza, huvimba na kuvilia damu. Mtu akiinua mkono, alama hubadili umbo. Tena mwumaji hatumii meno 32. Hutumia machache ya mbele, na hayaachi habari za vizibo wala magego. Kwa hiyo ramani ya nyuso 160 imekuwa madoa machache ya bluu. Kutoka katika madoa hayo kumtaja mtu mmoja katika mji mzima ni kupiga ramli.

Mwaka 2009 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa taarifa iliyosema kwamba elimu hii ya alama za kuumwa haina msingi wa kutosha wa kumtambua mtu mmoja. Mwaka 2016 tume ya jimbo la Texas ilishauri isitumiwe mahakamani mpaka ithibitishwe. Mwaka 2023 taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na teknolojia nayo ilichapisha uchunguzi wake ikasema vivyo hivyo. Hata hivyo alama ya kuumwa isipuuzwe. Aumaye huacha mate, na mate yana vinasaba. Kwa hiyo mtu aliyeumwa na mshambulizi asiharakishe kuoga. Aende kwanza hospitali na polisi, mate yachukuliwe kwa pamba safi.

KWETU JE?

Katika nchi zetu kuna alama za meno ambazo wengi tunazijua. Wamaasai na Wajaluo, tangu zamani, walikuwa na desturi ya kung'oa meno ya mbele ya chini. Watu waliokulia sehemu za Arusha na Kilimanjaro, na sehemu za Bonde la Ufa huko Kenya, wengi wana meno ya rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi katika maji. Je, alama hizi zaweza kumtambulisha mtu? Zaweza kusema, "Huenda mtu huyu alikunywa maji ya sehemu fulani utotoni," maana rangi ile huingia jino likiwa bado linaumbika. Haziwezi kusema, "Huyu ni fulani." Alama ya watu wengi si jina la mtu mmoja. Zinaelekeza njia tu ya kutafuta.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo manne.

Kwanza, tunza kadi yako ya matibabu ya meno pamoja na hati zako nyingine. Ukizibwa au ukang'olewa jino, mwombe daktari aandike ni jino gani na tarehe gani, na picha ya eksirei usiitupe.

Pili, wekeni nyumbani picha za watu wenu wakicheka. Picha ionyeshayo meno ya mbele, mwanya, au jino lililovunjika, huweza kusaidia pasipo na kadi.

Tatu, ndugu akipotea, msiende polisi na maelezo ya shati peke yake. Semeni alitibiwa meno wapi. Kama ana meno bandia ya zamani nyumbani, yapelekeni.

Nne, pakitokea ajali ya moto, msiguse maiti wala kuokota vitu kabla ya wataalamu. Tuliona Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na watu wapatao 100 wakafa. Wengine waliungua hata nyuso zao zisijulikane. Katika majivu kama yale jino moja ni dogo kama punje ya hindi. Kiatu cha mpita njia chaweza kulisaga, na pamoja nalo jina la mtu.

Nanyi mtakaoitwa siku moja kuwa mashahidi au wazee wa baraza mahakamani, kumbukeni kesi mbili za leo. Mtaalamu akisema kwa sauti ya hakika, msitazame sauti yake. Ulizeni ametazama nini, amekilinganisha na nini, na kama kitu hicho chaweza kubadilika. Parkman alipata haki yake kwa swali hilo. Krone alikaa gerezani miaka kumi kwa kukosekana kwake.

MASWALI KWA VIKUNDI

1. Jino namba 23 liko wapi, nalo ni jino gani? Onyesheni katika ramani mliyochora.

2. Kadi ya marehemu yasema jino 46 lilizibwa. Katika maiti jino 46 limeng'olewa. Je, yaweza kuwa ni yeye? Toeni sababu.

3. Kwa nini meno ya Parkman yalikuwa ushahidi wenye nguvu kuliko alama za kuumwa zilizomfunga Krone?

4. Katika kikundi chenu, ni wangapi wana kumbukumbu yoyote ya meno yao iliyoandikwa? Jadilianeni jinsi ya kuanza kuzitunza.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Andikeni majibu yenu, nasi tutayasoma.